Nani Aliyeiamuru Tezi?

Mhadhara wa wazi kuhusu dawa, wanyama wa maabara na tezi za homoni



Mwaka 1928, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walikuwapo sungura waliofugwa kwa ajili ya utafiti wa kaswende. Alan Chesney na wenzake hawakuwa na haja yoyote na shingo za sungura hao. Walitaka kujua jinsi kaswende inavyoshika mwili. Lakini walipowapasua waliona jambo ambalo hawakulitafuta: tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, imevimba kupita kiasi. Sungura waliokuwa na rovu, au goita kama wengi wetu tunavyosema, walikuwa wengi mno kiasi kwamba kaswende haikuweza kulaumiwa. Wakageukia chakula. Sungura hao walikuwa wakilishwa kabichi, siku nenda siku rudi.

Walipowapa madini joto kidogo, yaani iodini, rovu likazuilika. Kwa hiyo kabichi ilikuwa na kitu kilichoinyima tezi iodini yake. Huku kwetu jambo hili lina ndugu yake wa karibu. Miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji, akiwamo François Delange, walikwenda kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, upande wa Kongo. Kaskazini mwa kisiwa watu wengi walikuwa na rovu, kusini wachache, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Kilichowatofautisha, kadiri utafiti ulivyoendelea, kilionekana kuwa muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sianidi, mwili huigeuza sianidi kuwa thayosayaneti ili usidhurike, na thayosayaneti hiyo hugombania mlango ambao iodini huingilia kwenye tezi. Penye iodini ya kutosha, iodini hushinda ugomvi huo. Penye iodini haba, hushindwa.

Nimeanza na sungura na muhogo kabla ya dawa kwa makusudi. Tukisikia kwamba dawa fulani imevimbisha tezi za panya, wengi wetu hukimbilia moja kati ya majibu mawili. Wa kwanza anasema dawa hiyo ni sumu, iondolewe. Wa pili anasema panya si mtu, tuendelee. Jioni hii nataka kuwashawishi kwamba wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza. Tezi ya homoni haijiamulii mambo yenyewe kama ini au figo. Inaamriwa. Basi swali la kwanza ni hili: ni nani aliyeiamuru tezi ibadilike, na je, mwamrishaji huyo yupo ndani ya miili yetu na ana sauti ile ile?

Turudi Baltimore, chuo kile kile, mwaka 1941. Julia Mackenzie na Cosmo Mackenzie walikuwa wakifanya kazi na Elmer McCollum, mtaalamu wa lishe ambaye jina lake linahusishwa na ugunduzi wa vitamini A. Walitaka kupunguza bakteria kwenye matumbo ya panya, wakawapa salfaguanidini, dawa ya jamii ya salfa. Panya wakaota rovu. Karibu wakati huo huo, Curt Richter, wa Baltimore pia, alikuwa akichunguza jinsi panya wanavyoonja ladha chungu. Kemikali aliyoitumia, ya jamii ya thayourea, iliwaua panya kwa dozi ndogo, na waliopewa kidogo kidogo wakaota rovu nao. Wa salfa hawakuwa wakitafuta rovu, wala wa ladha chungu. Katika fani hii utaona jambo hilo mara nyingi: tezi huonekana na mtu aliyekuwa anatazama kwingine.

Safari hii iodini haikusaidia kitu. Ukiwapa panya hao iodini kadiri unavyotaka, rovu linabaki pale pale. Njia, kwa hiyo, haikuwa ile ya kabichi. Ndipo likafanyika jaribio ambalo mimi huliona zuri kuliko yote nitakayoyataja leo. Panya waliondolewa tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, kisha wakapewa dawa ile ile kwa dozi ile ile. Hakuna rovu. Panya wengine wakaachiwa pituitari yao lakini wakapewa dawa pamoja na thairoksini, homoni yenyewe ya thairoidi. Hawa nao hawakuota rovu.

Fikirini maana yake. Dawa ilikuwa mwilini, tezi ilikuwa mwilini, na tezi haikuvimba. Dawa basi haikuvimbisha tezi. Ilichofanya ni kuizuia isiunganishe iodini na kutengeneza homoni. Homoni ikapungua kwenye damu, pituitari ikaona upungufu, ikatuma amri. Amri haikutekelezeka, kwa hiyo ikatumwa tena kwa nguvu zaidi, kama mama anayemwita mtoto aliyeko uani na haitikiwi: haachi kuita, anapandisha sauti. Tezi ikavimba kwa kuitwa. Ukiitazama kwa macho utadhani inafanya kazi mno, kumbe panya yule ana homoni chache kuliko wote, na mwili wake umepoa.

Edwin Astwood, huko Boston, alielewa haraka kuliko wengine faida iliyojificha hapo. Wapo wagonjwa ambao thairoidi yao hutoa homoni kupita kiasi: moyo unawadunda, wanakonda huku wanakula, mikono inawatetemeka, macho yanawatoka. Kama ipo kemikali inayofunga kiwanda cha homoni, kwa nini wagonjwa hawa wasipewe? Alipima kwenye panya zaidi ya kemikali 100, akalinganisha nguvu zao, na mwaka 1943 akachapisha habari za wagonjwa wa kwanza waliotibiwa kwa thayourea na thayourasili. Dawa hizo za mwanzo zilikuwa na madhara kwenye damu, zikaachwa. Wajukuu wao ndio tunaowatumia hadi leo. Mgonjwa wa goita yenye homoni nyingi anayepewa kabimazoli katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania, au ya kaunti kule Kenya, anameza matokeo ya panya waliopewa dawa ya matumbo. Na kwa kuwa nimeitaja, niongeze jambo lisilo la historia: anayetumia kabimazoli akapata homa na koo kuuma, asinunue antibiotiki dukani. Aache vidonge na aende kupimwa chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo.

Sasa tuchukue dawa inayojulikana katika kila zahanati yenye wagonjwa wa kifafa. Fenobabitali ilianza kutumika mwaka 1912, na ni ya bei nafuu, ndiyo maana bado tunayo. Panya wanaopewa fenobabitali kwa muda mrefu, hasa kama waliwahi kupewa kemikali nyingine inayochokoza chembe, huota vivimbe vya thairoidi. Habari hii ikiandikwa kwenye gazeti peke yake, wazazi wa watoto wenye kifafa watatupa vidonge.

Tuulize nani ameamuru. Fenobabitali huliamsha ini. Ini hutengeneza vimeng'enya vingi zaidi vya kusafisha dawa, na vimeng'enya hivyo huisafisha na thairoksini pia. Homoni inapungua, pituitari inaita, tezi inaongeza chembe, na baada ya miezi mingi ya kuitwa baadhi ya chembe zinakuwa kivimbe. Ushahidi ni wa aina ile ile tuliyoiona kwa panya wenye rovu: ukimpa panya thairoksini ya kufidia, fenobabitali haichochei vivimbe tena. Na panya ana udhaifu ambao sisi hatuna. Mtu ana protini maalumu kwenye damu inayoishika thairoksini kwa nguvu, hivyo nusu ya thairoksini yake hukaa mwilini kwa takriban siku saba. Panya mzima ana protini hiyo kidogo sana, na nusu ya thairoksini yake huondoka katika muda usiofika siku moja. Yeye hana akiba. Ini likichangamka kidogo tu, anaishiwa. Kwa binadamu kiwango cha homoni kinaweza kushuka kidogo, lakini kwa kawaida pituitari haipigi kelele. Miaka mingi ya kutumia dawa hii kwa wagonjwa wa kifafa haijatuletea wimbi la saratani ya thairoidi.

Hata hivyo msiende nyumbani mkisema njia ile haipo kwa binadamu. Ipo, ila ina sauti ndogo. Mfikirieni mgonjwa aliyeondolewa thairoidi, anayeishi kwa kidonge cha thairoksini kila asubuhi. Huyu hana tezi ya kuitika. Akipata kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, ambayo nayo huliamsha ini vikali, kidonge chake cha jana kinaweza kisimtoshe tena. Ini lake linafanya kile kile lilichofanya ini la panya. Daktari aliyemsoma panya vizuri atampima homoni baada ya wiki chache, na aliyempuuza atashangaa kwa nini mgonjwa amechoka na kuvimba uso huku kifua kikuu kinapona.

Kisa cha omeprazoli, dawa ya kuzima asidi ya tumbo, ni cha ukoo huo huo, kwa hiyo sitakaa nacho sana. Mwaka 1984 majaribio ya dawa hiyo kwa wagonjwa yalisimamishwa kwa sababu panya waliopewa dozi kubwa maisha yao yote walikutwa na vivimbe tumboni, kwenye chembe zinazotoa histamini. Ilipochunguzwa, mwamrishaji alikuwa homoni iitwayo gastrini. Asidi ikizimwa kabisa, sehemu ya chini ya tumbo humwaga gastrini bila kikomo, na gastrini huziamuru chembe zile ziongezeke. Panya waliokatwa kwanza sehemu hiyo inayotoa gastrini hawakupata ongezeko hilo. Dawa ikarudi kwenye majaribio, ikaingia sokoni Sweden mwaka 1988, na leo haikosekani katika duka lolote la dawa kutoka Mombasa hadi Kigoma. Mimi naona inauzwa kirahisi kupita kiasi, lakini hilo si kosa la panya.

Tezi za adrenali, zile mbili zilizo juu ya figo, zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Wapasuaji wa wanyama wa maabara hukuta mabadiliko hapo mara nyingi kuliko kwenye tezi nyingine yoyote. Kuna sababu za kimaumbile: damu nyingi hupita hapo, mafuta ni mengi, na vimeng'enya vyake hupenda kuchezea kemikali ngeni. Lakini kuna sababu nyingine ambayo Hans Selye aliikuta huko Montreal, na aliikuta kwa kuvunjika moyo. Alikuwa akiwachoma panya maji yaliyokamuliwa kwenye ovari, akaona adrenali zimekua, tezi ya thaimasi imesinyaa na tumbo lina vidonda. Akadhani amepata homoni mpya. Kwa ajili ya uhakika akachoma panya wengine fomalini, ile ya kuhifadhia maiti. Matokeo yakawa yale yale, tena makali zaidi. Taarifa yake fupi ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1936, na kutoka hapo ndipo lilipotokea somo zima la msongo wa mwili.

Maana yake kwa mtu anayesoma ripoti ya sumu ya dawa ni kubwa. Panya aliyepewa dozi inayomtesa, aliyeacha kula, aliyeshikwa na kuchomwa sindano kila siku, atakuwa na adrenali kubwa hata kama dawa haijaigusa adrenali. Aliyetoa amri ni mateso yenyewe. Ndiyo maana kundi la kulinganishia lazima lishikwe na kuchomwa vile vile, kwa maji matupu. Na ndiyo maana mimi huishuku zaidi adrenali iliyosinyaa kuliko iliyokua, kwa sababu mateso peke yake hayaisinyazi.

Adrenali iliyosinyaa ilionekana mwishoni mwa miaka ya 1940. Nelson na Woodard, watafiti wa mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, waliwalisha mbwa DDD, ambayo ni ndugu wa DDT. Wazee wa Zanzibar wanaikumbuka DDT: ilipulizwa kwenye kuta za nyumba katika kampeni ya malaria iliyoanza miaka ya 1950. Mbwa waliokula DDD walikutwa gamba la nje la adrenali limekufa na kusinyaa vibaya. Panya hawakupata hasara hiyo. Hapa hapakuwa na amri kutoka pituitari. Kemikali iliingia yenyewe ndani ya chembe za adrenali, na vimeng'enya vya chembe hizo vikaigeuza kuwa sumu inayoziua. Mbwa ana uwezo huo wa kujiua kwa mkono wake. Panya hana, au anao kidogo. Na binadamu? Binadamu yuko upande wa mbwa. Kutokana na mbwa hao ikapatikana mitoteni, ambayo hadi leo hutumika kwa saratani ya adrenali, na madaktari wa mifugo huitumia kwa mbwa ambao adrenali zao zinatoa homoni ya kotisoli nyingi mno. Kama Nelson na Woodard wangetumia panya peke yao, tusingejua lolote.

Etomideti inatufundisha hatari ya kuridhika na umbo la tezi. Ni dawa ya nusukaputi iliyoingia Ulaya miaka ya 1970, nzuri kwa moyo dhaifu. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Glasgow, Ledingham na Watt, waliandika kwamba majeruhi mahututi waliolazwa usingizi kwa dawa hiyo kwa siku kadhaa mfululizo walikufa kwa wingi kuliko waliotumia dawa nyingine. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kuwa etomideti hufunga kimeng'enya kimoja cha adrenali katika hatua ya mwisho ya kutengeneza kotisoli. Tezi yenyewe iko pale, haina jeraha, lakini mgonjwa anapoihitaji haitoi kitu. Ukimpasua mnyama na kuipima tezi kwenye mizani, usipoipa amri ya pituitari ili uone kama inaitika, hutapata habari hiyo. Dozi moja ya kumlaza mgonjwa bado inatumika. Kumlaza nayo kwa siku nzima kumekoma.

Sasa nifike kwenye kisa kinachohusu nyumba nyingi zaidi hapa ukumbini, ingawa watu hawakisemi hadharani. Sindano ya miezi mitatu. Kina mama wa Afrika Mashariki wameipenda kuliko njia nyingi za uzazi wa mpango kwa sababu haihitaji kukumbukwa kila siku, na haimlazimu mtu kuweka kidonge mahali mume au mama mkwe anapoweza kukiona. Ndani yake mna miligramu 150 za homoni ya bandia ya jamii ya projesteroni.

Miaka ya 1960 mamlaka za Marekani ziliagiza kwamba homoni za kuzuia mimba zijaribiwe kwa mbwa aina ya beagle kwa miaka saba na kwa kima kwa miaka kumi. Mbwa waliochomwa homoni hii walipewa dozi iliyolingana na ya mwanamke na nyingine hadi mara 25. Wakaota vivimbe vya matiti, vingine saratani. Homoni nyingine za jamii hiyo zilikuwa zimeleta jambo kama hilo, na mwaka 1970 vidonge vyenye klomadinoni viliondolewa Marekani kwa sababu ya mbwa. Mwaka 1978 Marekani ikaikatalia sindano kibali cha uzazi wa mpango. Wakati huo huo mamilioni ya wanawake wa nchi nyingine walikuwa wanaitumia.

Lawama iliyofuata mnaweza kuikisia: kwamba mwanamke wa Afrika na Asia anachomwa kile ambacho mwanamke wa Marekani amekingwa nacho. Zimbabwe, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, iliipiga marufuku. Sitawacheka waliofanya hivyo. Nchi iliyotoka mikononi mwa walowezi, ambao sindano hiyo ilitumika chini ya utawala wao, ilikuwa na haki ya kushuku. Nasema tu kwamba pande zote mbili, waliokataa na waliotetea, zilikuwa zinabishana juu ya mbwa bila kujua ni nini kilichotokea ndani ya mbwa.

Jibu lilitoka Utrecht, Uholanzi, kwenye chuo cha tiba ya mifugo, na lilikamilika mwaka 1994. Mbwa jike, akishapata joto, hukaa na projesteroni nyingi kwa miezi takriban miwili hata kama hakushika mimba. Titi lake limezoea amri hiyo kwa namna ambayo la mwanamke halikuzoea. Na likipewa projesteroni ya bandia bila kukoma, titi la mbwa hutengeneza homoni ya ukuaji, ile ambayo sote tulifundishwa kuwa ni kazi ya pituitari. Homoni hiyo humwagika kwenye damu hadi mbwa wengine hunenepa mikunjo ya ngozi na meno yao huachana kwa kupanuka taya. Watafiti walipowaondolea mbwa matiti yote, homoni ya ukuaji ikashuka. Mwamrishaji alikuwa titi lenyewe, likijiamuru. Mwanamke anayechomwa sindano hii kwa miaka kumi haoti taya wala viganja.

Lakini kumtoa mbwa mahakamani hakumtoshi mwanamke. Alihitaji ushahidi wake mwenyewe. Ulipatikana mwaka 1991, katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliokusanya wagonjwa wa saratani ya matiti na wanawake wa kulinganisha nao kutoka Mexico, Thailand na Kenya. Kwa jumla, kutumia sindano kwa muda mrefu hakukuongeza saratani ya matiti, ingawa kulikuwa na ongezeko dogo miaka ya mwanzo kwa wanawake wenye umri mdogo, jambo linalostahili kukumbukwa na lisifichwe. Kuhusu kima, wawili kati ya waliopewa dozi kubwa mno walipata saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Kwa wanawake ikaonekana kinyume, sindano inakinga. Oktoba 1992 Marekani ikatoa kibali. Napenda wanafunzi wajue kwamba wanawake wa Kenya waliohojiwa ni miongoni mwa waliofungua mlango huo, na kwamba mwanamke wa Marekani akapata dawa yake kwa ushahidi wa mwanamke wa Afrika pia.

Na mbwa, kwa kelele zote alizoleta, hakuonya kuhusu yale yaliyokuja kuthibitika. Mwaka 2004 Marekani iliweka onyo kali kuhusu mifupa kupungua uzito, kwa sababu sindano huzima ovari na estrojeni hushuka. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kuitumia zaidi ya mwaka mmoja huongeza hatari ya meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, ambao kwa kawaida si saratani na hutokea kwa watu wachache. Mama anayetumia sindano akaanza kuumwa kichwa isivyo kawaida au kuona vibaya, hastahili kuambiwa ni presha tu.

Kabla sijafika kwenye dawa ya mwisho, neno moja kwa wanaofanya majaribio. Mchague mnyama wenu kwa akili. Dume la panya wa aina ya Fischer 344 akizeeka, karibu kila mmoja huota vivimbe vya korodani bila kupewa dawa yoyote. Ukimtumia kuuliza kama dawa yako inaleta uvimbe wa korodani, umeuliza swali ambalo limekwisha kujibiwa. Panya jike wengi wa maabara nao huzeeka na uvimbe wa pituitari. Mnyama hayuko kimya anapokusubiri. Ana magonjwa yake.

Dawa ya mwisho ni zile sindano za kisukari ambazo sasa zinatafutwa zaidi na watu wanaotaka kupungua: liraglutaidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010, na semaglutaidi, iliyofuata mwaka 2017. Kwenye panya zote mbili huleta vivimbe vya chembe C za thairoidi, zile zinazotoa kalsitonini. Hapa hakuna ini lililoamshwa wala pituitari inayoita. Chembe C za panya zina vipokezi vingi vya homoni inayoigwa na dawa hizi, na dawa hugonga mlango huo moja kwa moja. Kumkata mjumbe hakusaidii, maana mjumbe ni dawa yenyewe. Kinachobaki ni kuhesabu milango. Kima waliopewa liraglutaidi kwa miezi 20, kwa viwango vikubwa kuliko vya binadamu, hawakuonyesha badiliko hilo, na chembe C za binadamu ni chache na zina vipokezi haba.

Haba si sifuri, na ndiyo maana mjadala haujafungwa. Mwaka 2022 utafiti wa Ufaransa uliona saratani za thairoidi zikiongezeka kwa watumiaji. Mwaka 2023 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipitia ushahidi wote wakasema hautoshi kuilaumu dawa. Mwaka 2024 takwimu za Denmark, Norway na Sweden hazikuonyesha ongezeko kubwa. Ukiniuliza mimi, naegemea upande wa kima. Lakini kuna kundi moja ambalo kwao siegemei popote: watu ambao katika ukoo wao kuna saratani ya medula ya thairoidi, inayoanzia kwenye chembe C hizo hizo, au ugonjwa wa kurithi unaoota vivimbe kwenye tezi kadhaa. Kwao maelezo rasmi ya dawa hizi nchini Marekani yanasema waziwazi kwamba zisitolewe. Sindano hizi zinapouzwa kwa simu na kuletewa mtu mlangoni na bodaboda, hakuna anayemuuliza mnunuzi kama shangazi yake aliwahi kupasuliwa shingo. Mfamasia anaweza kuuliza. Huchukua nusu dakika, na panya ndiye aliyetupa swali hilo.

Naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma; tuanze na huyo dada wa kanga ya njano.